Shahidi wa Usiku Naye Asikilizwe: Barua ya Wazi kwa Kamati ya Bunge ya Nje, Ulinzi na Usalama

Mbagala Kuu,
Temeke,
Dar es Salaam.

Mwenyekiti na Wajumbe,
Kamati ya Kudumu ya Bunge ya Nje, Ulinzi na Usalama,
Dodoma.

Waheshimiwa,

YAH: NGAZI YA RUFAA KWA ASKARI WASTAAFU WENYE ULEMAVU, NA MARADHI YA KUKATIKA PUMZI USINGIZINI

Mimi ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, na mume wangu ni askari mstaafu wa Jeshi la Wananchi wa Tanzania (JWTZ) aliyepigana vita vya Kagera. Ninawaandikia ninyi kwa sababu sheria na bajeti za ulinzi hupita mikononi mwenu kabla hazijafika ukumbini. Ombi langu ni moja, ingawa lina matawi: askari mstaafu akidai fidia ya ulemavu au maradhi aliyoyapata kazini, kisha akakataliwa, awe na ngazi ya rufaa iliyoandikwa na inayojulikana, na katika rufaa hiyo, neno la mtu aliyelala karibu naye lihesabiwe kuwa ushahidi.

Sentensi hiyo ya mwisho inaweza kuwachekesha. Nivumilieni nieleze.

Kuna maradhi ambayo madaktari huyaita apnia ya usingizi. Mtu akilala, misuli ya koo inalegea na njia ya hewa inaziba, kama mpira wa maji uliokanyagwa. Kifua kinaendelea kuvuta lakini hewa haipiti, ni kimya tu. Ukimya huo ukifika sekunde 10 unahesabiwa kuwa tukio moja. Ubongo ukihisi oksijeni inapungua unamshtua mwenyewe, anahema kwa kishindo, koo linafunguka, kisha anazama tena usingizini bila kujua kilichotokea. Matukio 5 hadi 15 kwa saa ni hatua nyepesi. Yakifika 30 na kuendelea ni hatua kali, maana yake aliyelala saa 6 ameshtushwa si chini ya mara 180. Asubuhi anaamka kichwa kinauma, mdomo umekauka, na mchana anasinzia akiwa ameketi. Shinikizo la damu linapanda na kukaidi vidonge, moyo unachoka, hatari ya kiharusi inaongezeka.

Tazameni sasa ugumu wake mbele ya meza ya madai. Askari aliyepoteza mguu kwa bomu la kutegwa ardhini anaingia ofisini na ushahidi wake. Mwenye apnia hana kovu, na shahidi mbovu kuliko wote ni yeye mwenyewe, kwa kuwa wakati wa tukio alikuwa amelala. Ukimwuliza, atakuapia kwamba alilala fofofo. Anayejua ni yule aliyekesha pembeni akisikiliza ule ukimya na kujiuliza kama safari hii pumzi itarudi. Huyo ni mke. Na kabla ya mke, ni askari mwenzake wa handaki moja.

Mume wangu alikwenda Kagera akiwa kijana, majeshi ya Idi Amin yalipovuka mpaka mwishoni mwa Oktoba 1978. Wenzake wa kikosi wanaokuja kutusalimu siku za sikukuu husimulia hadi leo jinsi walivyokuwa wakimfinya mbavuni usiku, kabla mji wa Masaka, Uganda, haujaanguka Februari 1979, ili mkoromo wake usiwauze kwa adui. Tunacheka sote. Lakini ukiondoa kicheko, hiyo ni taarifa ya afya yenye mwaka, mahali na mashahidi, na haimo kwenye jalada lolote. Vitani hakuna aliyeandika cheti kwa sababu mtu anakoroma.

Alipostaafu alifanya wanachofanya wastaafu wengi wa jeshi katika jiji hili: alichukua lindo la usiku. Waheshimiwa, pitieni magodauni ya Chang'ombe au mageti ya Mikocheni saa 8 za usiku, mtawakuta wazee waliowahi kubeba silaha za taifa. Mtu ambaye usingizi wake umekatwakatwa kwa miaka hawezi kushindana na kiti na giza. Alikutwa amesinzia, akaachishwa kazi. Mtaani walisema ni uzee. Wengine walisema ni pombe, naye hanywi. Ilichukua miaka na daktari mmoja mwangalifu wa masikio, pua na koo ndipo tukapata jina la kitu ambacho mimi nilikuwa nakisikia tangu tulipooana.

Tulipopeleka dai, jibu tulilopewa lilikuwa la mdomo: hayo ni mambo ya umri na uzito, mama. Ofisi siitaji, wala aliyetujibu simlaumu. Huenda naye hakuwa na kifungu cha kutuonyesha. Shida yangu ni kwamba jibu la mdomo halikatiwi rufaa. Halina tarehe, halina sababu, halina sahihi. Unatoka nalo mlangoni, na ukifika kituoni Rangi Tatu limeshabadilika kuwa hadithi yako dhidi ya hadithi ya mwingine.

Nakiri pia kwamba afisa yule hakuwa amekosea kila kitu. Apnia huwapata sana wanaume, watu wenye shingo nene, wanene, na wenye umri mkubwa. Si kila mzee anayekoroma Temeke ameharibiwa na vita, na hazina ya taifa haiwezi kulipia kila mkoromo. Lakini umri hauzuii sababu nyingine kuwepo. Yako mambo matatu ambayo bodi ya madaktari yenye haki ingeyapima. Je, dalili zilianza mtu akiwa jeshini, ingawa jina la ugonjwa limekuja baadaye? Je, maradhi yametokana na jeraha jingine linalotambuliwa tayari, kama pua au taya iliyovunjika, au goti lililomfanya mtu ashindwe kutembea hadi akanenepa? Je, hali aliyokuwa nayo tangu awali ilizidishwa na utumishi? Tafiti zilizofanywa kwa askari waliorudi kutoka Iraq na Afghanistan zimekuta apnia na kiwewe cha vita vikikaa pamoja mara nyingi katika mwili mmoja. Ukimwambia mzee "ni umri" bila kupima hayo matatu, hujampa uamuzi. Umekisia.

Sasa niingie kwenye sheria, kwa sababu ndiko kazi yenu iliko.

Katiba yetu, Ibara ya 13(6)(a), inasema kwamba haki ya mtu inapofanyiwa uamuzi na mahakama au chombo kingine chochote kinachohusika, mtu huyo ana haki ya kusikilizwa kikamilifu, na ana haki ya kukata rufaa au kupata nafuu nyingine ya kisheria. Haikusema raia isipokuwa askari. Haikusema mahakama peke yake. Dawati linaloamua kama mzee apate fidia au asipate ni chombo kinachoamua haki yake.

Tukishuka chini ya Katiba, njia inaanza kuwa nyembamba. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, katika kifungu chake cha 2, imewaweka kando watumishi wa JWTZ, Polisi, Magereza na Jeshi la Kujenga Taifa (JKT). Sababu inaeleweka, jeshi haliendeshwi kwa vyama vya wafanyakazi wala migomo. Lakini matokeo yake ni kwamba mlango wa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ambao fundi wa kiwanda cha Keko anaugonga bila hofu, kwa askari haupo. Fundi huyohuyo akikatwa kidole na mashine kuna Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, uliozaliwa na sheria ya mwaka 2008, na sheria hiyo inamwonyesha asiyeridhika pa kwenda: aombe uamuzi upitiwe upya, na asiporidhika apande juu mpaka mahakamani.

Mambo ya askari yana asili yake katika Sheria ya Ulinzi wa Taifa ya mwaka 1966 na kanuni zilizo chini yake. Waulizeni wastaafu wa Mbagala, Chamazi au Bunju wapi pa kukatia rufaa. Watawaelekeza kwa mtu, hawatawaelekeza kwenye kifungu. Watasema nenda kamwone afande fulani, alikuwa kikosi chetu, ana roho nzuri. Afande mwenye roho nzuri ni baraka, lakini naye atastaafu, na siku hiyo haki ya wale waliomtegemea itastaafu pamoja naye.

Mtasema mahakama ipo. Ipo. Kabla ya kuishtaki serikali inatakiwa notisi ya siku 90 chini ya Sheria ya Mashauri Dhidi ya Serikali, kisha wakili, kisha miaka ya kuahirishwa. Kwa mzee anayesinzia kabla ya kumaliza chai, hiyo si ngazi, ni ukuta.

Historia ya jiji hili inatupa somo hapa. Kambi ya Lugalo kule Kinondoni, yenye hospitali kuu ya jeshi letu, zamani iliitwa Colito. Ndiko yalikoanzia maasi ya askari wa Tanganyika Rifles tarehe 20 Januari 1964, walipodai nyongeza ya mishahara na kuondolewa kwa maofisa wa Kiingereza. Jeshi lile lilivunjwa, na tarehe 1 Septemba mwaka huohuo ikazaliwa JWTZ, jeshi la wananchi lenye nidhamu tunayojivunia. Nidhamu hiyo ni mkataba wa pande mbili. Askari amekubali kutogoma, kutoandamana na kutopeleka malalamiko yake barabarani. Aliyeacha haki ya kugoma anadai haki ya kusikilizwa.

Wenzetu wamefanyaje? Afrika Kusini ina sheria ya maveterani wa kijeshi tangu mwaka 2011, na Kenya ilitunga ya kwake mwaka 2022. Marekani ndiko apnia ya usingizi imekuwa dai la kila siku, na wameijadili hadi imechosha. Huko, tangu Februari 2019, mstaafu aliyekataliwa ana njia tatu: kuleta ushahidi mpya, kuomba afisa mwandamizi apitie upya jalada lilelile, au kwenda kwenye Bodi ya Rufaa ya Maveterani mbele ya jaji. Viwango vya apnia vinajulikana na kila mtu anaweza kuvisoma: asilimia 0, 30, 50 na 100, na anayehitaji mashine ya kupumulia usiku hupewa 50.

Siombi tuige asilimia zao. Wao wenyewe wanabishana kuzihusu. Mwaka 2022 idara yao ya maveterani ilipendekeza kipimo kibadilike, kiangalie tiba imemsaidia mtu kiasi gani badala ya kuangalia kama ana mashine au hana. Ninachotaka tujifunze ni mambo mawili yasiyohitaji dola. La kwanza: sheria yao inaelekeza kwamba ushahidi ukilingana pande zote mbili, shaka imnufaishe askari. La pili: mke, mume au askari mwenza anaruhusiwa kuandika alichokiona na kukisikia. Hatarajiwi kutaja ugonjwa, hiyo ni kazi ya daktari. Anaandika kwamba mwaka fulani, mahali fulani, nililala hema moja na mtu huyu, alikuwa akikoroma, anakatika pumzi, anashtuka. Karatasi hiyo inaingia kwenye jalada na inapimwa pamoja na vipimo vya hospitali.

Kwetu karatasi kama hiyo ina uzito zaidi kuliko kwao, kwa sababu majalada yetu ni membamba. Wakumbukeni mgambo. Vita vya Kagera havikupiganwa na JWTZ peke yake. Walichukuliwa Polisi, Magereza, JKT na maelfu ya mgambo kutoka wilayani, wakatembea kwa miguu hadi Uganda, na baada ya vita wengi wao wakarudishwa mashambani. Mzee wa aina hiyo hana faili nene la utumishi. Ana jina, ana kumbukumbu, na ana wenzake wachache waliobaki hai ambao kila mwaka wanapungua. Tukichelewa kuchukua maneno yao kwa maandishi, tutakuwa tumewakatalia bila hata kuandika barua ya kuwakatalia.

Na wapo vijana. Tangu mwaka 2013 askari wetu wamo katika kikosi cha Umoja wa Mataifa mashariki mwa Kongo. Tarehe 7 Desemba 2017 kambi yao ya Semuliki ilishambuliwa usiku. Zaidi ya 10 waliuawa na makumi wakajeruhiwa. Fidia ya kifo na ulemavu kwa walinda amani ipo Umoja wa Mataifa, lakini dai hupelekwa na serikali ya nchi iliyotoa askari. Mwenyewe hawezi kupanda ndege kwenda New York. Kwa hiyo ubora wa jalada lake hapa nyumbani ndio ubora wa haki yake kule. Wengi wa vijana hao bado hawajafika miaka 50. Maradhi yasiyo na kovu yatawadhihirikia baadaye, na wake zao wataanza kukesha.

Sisi wa Mbagala tunajua fidia inavyoweza kuacha kidonda. Tarehe 29 Aprili 2009 ghala la silaha la kambi ya hapa lililipuka, watu wakafa, nyumba zikabomoka, na malalamiko kuhusu viwango vya fidia yakaendelea kwa miaka. Katika miaka hiyo nilijifunza kwamba watu wanaweza kuvumilia kiasi kidogo kuliko walichotarajia. Wanachoshindwa kuvumilia ni kutojua kiasi hicho kilifikiwaje na nani wa kumuuliza.

Kuhusu gharama, nitasema kwa ufupi. Mashine inayosukuma hewa puani kupitia barakoa, ambayo daktari Colin Sullivan wa Sydney aliielezea kwa mara ya kwanza mwaka 1981, haiponyi ugonjwa, lakini inazuia koo lisizibe usiku kucha. Inahitaji umeme, na wanaonunua LUKU kwa elfu moja moja wanaelewa maana yake. Hata hivyo, mtu mmoja aliyepooza kwa kiharusi anakaa kitandani kwa miaka, na anayemgeuza na kumlisha anaacha kazi yake. Serikali imeshatunga Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023. Kupima na kutibu maradhi haya mapema ndiyo njia ya bei nafuu.

Kwa hayo, ninaomba kamati yenu isimamie mambo matano.

Kwanza, kila uamuzi wa dai la ulemavu au maradhi ya utumishini utolewe kwa maandishi, ukiwa na sababu, tarehe na maelezo ya wapi pa kukata rufaa na ndani ya muda gani.

Pili, kiundwe chombo cha rufaa ambacho wajumbe wake si walewale walioamua mwanzo, na ndani yake awemo angalau daktari bingwa mmoja wa nje ya jeshi.

Tatu, iwepo fomu rasmi ya ushahidi wa mwenza na wa askari mwenza, inayoweza kujazwa mbele ya mtendaji wa kata, ili mzee wa Boko au wa Muleba asilazimike kusafiri.

Nne, sheria itamke wazi kwamba ushahidi ukilingana, shaka imnufaishe askari.

Tano, kila askari anayestaafu apimwe afya yake yote, usikivu na usingizi vikiwemo, na apewe nakala ya jalada lake la matibabu aondoke nayo. Hospitali za rufaa za mikoa, kama Temeke na Mwananyamala, ziwezeshwe kufanya uchunguzi wa mwanzo. Maswali machache kwa mgonjwa na kwa anayelala naye, kipimo cha shingo na cha shinikizo la damu vinatosha kujua nani apelekwe mbele. Kutoka Rangi Tatu hadi Lugalo ni kuvuka jiji zima, na mtu anayesinzia ndani ya daladala hupitishwa kituo.

Hakuna hata moja kati ya hayo linalompa mtu fedha asiyostahili. Bodi itabaki huru kukataa. Itakachopoteza ni uhuru wa kukataa bila kueleza.

Mwezi Aprili Bunge la bajeti litaanza, na kabla ya hapo makadirio ya Wizara ya Ulinzi na Jeshi la Kujenga Taifa yataletwa mbele yenu. Ninawaomba, siku hiyo, muulize maswali matatu na majibu yake yaingie katika taarifa ya kamati. Madai mangapi ya ulemavu na maradhi yalipokelewa kutoka kwa wastaafu mwaka uliopita, na mangapi yalikataliwa? Katika waliokataliwa, wangapi walipewa sababu kwa maandishi? Na aliyekataliwa, anakata rufaa kwa nani, chini ya kifungu gani?

Likipatikana jibu la swali hilo la tatu, tafadhali libandikwe kwenye mbao za matangazo za kata zote, kuanzia hii yetu. Lisipopatikana, basi mtakuwa mmeiona kazi yenu ilipo.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mwalimu mstaafu na mke wa askari mstaafu,
Mbagala Kuu.

Nakala:
Waziri wa Ulinzi na Jeshi la Kujenga Taifa
Mkuu wa Majeshi ya Ulinzi
Waziri wa Afya